Jedwali Ambalo Walter Hakuligusa

Melania alikuwa anasuuza shuka kwa mara ya tatu na mchanga ulikuwa bado unatoka. Haukuwa uchafu wa miguu, wala lile vumbi la Ujiji ambalo kiangazi kila mtu analala nalo. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, wa chini ya maji, na kila alipokamua, beseni lilibaki na tope jembamba lenye harufu ya konokono waliokufa. Jana pia ilikuwa hivyo hivyo. Happiness alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kukojoa kitandani aliacha kabla hajaanza shule. Melania alikuwa amefua mikojo ya watoto kwa miaka kumi na mitano. Huu haukuwa mkojo.

Simu ikaita juu ya ndoo iliyofunikwa. Akajipangusa mkono kwenye kanga, akapokea.

"Mama Yona, umekaa?" Ilikuwa sauti ya Bi Shadia.

"Nafua, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanao hayumo."

Melania akageuka. Happiness alikuwa hatua tano kutoka pale, amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anamsuka mdogo wake Scola. "Huyu hapa, Bibi. Namwona."

"Sisemi huko. Nasema humu kwenye mashine. Nimesoma wa Kagunga wote, mara mbili, na miwani nimevaa. Happiness hayumo. Mumeo hayumo. Kiapo chenyewe hakimo." Melania akasikia feni ikizunguka upande wa pili. "Lakini yeye yumo. Mwenye Kina. Amekaa kwenye mstari wake peke yake, hana mtu."

Shuka likamponyoka Melania, likarudi kwenye beseni.

Bi Shadia alikuwa mganga wa majini huko Rusimbi, na Melania alikuwa karani wake. Kazi hiyo hakuitafuta. Miaka mitatu nyuma walikwenda Kagunga kumzika mama mzazi wa Alphonce, mumewe, na wakati wa kurudi Happiness alitumbukiza mkono ziwani akauacha majini njia nzima, boti inakwenda. Walipofika nyumbani, mambo yakaanza. Kila siku saa saba mchana, jua likiwa utosini, mtoto aliacha alichokuwa anakifanya, akatembea kuelekea ziwani, macho wazi, na aliyemzuia alijibiwa kwa Kiha cha wazee wa zamani, Kiha ambacho hakuna mtu aliyemfundisha, kwamba kwao wanamsubiri. Hospitali walikwenda. Kwa padri walikwenda. Siku mtoto alipofika maji ya kifua ndipo Alphonce mwenyewe akambeba mgongoni mpaka kwa Bi Shadia.

Bi Shadia hakuwa na mbwembwe. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu shingoni, na alilalamikia umeme kuliko alivyowalalamikia majini. Alisema jini hauawi, jini huandikishwa. Alimuuliza jini jina lake, kwao wapi, anataka nini, na atakubali nini. Kisha mtu mzima mmoja wa nyumba ile, na kwa Happiness alikuwa Alphonce, alisimama kuwa mdhamini, akatamka mbele ya mashahidi kwamba anasimama mlangoni kwa ajili ya watu wake, na jini akaapa kuwa maadamu mdhamini amesimama, yeye hatavuka kizingiti. Yote yaliandikwa. Na kila Jumamosi asubuhi Bi Shadia alichoma ubani, akavisoma viapo kwa sauti, kimoja baada ya kingine, ili majini wasikie kwamba bado wameandikwa.

"Jini ni kama mpangaji," alizoea kusema. "Usipomkumbusha masharti, siku moja utakuta amevunja ukuta."

Zamani viapo vilikaa kwenye madaftari. Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, na nyumba ya kwanza ya Bi Shadia ikawa ya vyura, madaftari kumi na moja yalilowa. Bi Shadia akasema maji yale hayakuja bure. Akahamia Rusimbi, akanunua kompyuta, akamchukua Melania, kwa kuwa alimaliza kidato cha nne na alijua kukaa kimya, ayaingize yale yaliyosomeka. Programu ilitengenezwa na Walter, mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la kompyuta Mwandiga, aliyeimba besi na Alphonce kwenye kwaya. Ilikuwa na majedwali matatu. La kwanza la wagonjwa na wadhamini wao. La pili la viapo. La tatu la majini, peke yao, kwa sababu jini mmoja anaweza kuwa na nyumba nne.

Melania akamwita Yona, mkubwa wake, akamwambia, "Kaa na wadogo zako. Mtu asitoke nje ya ua mpaka nirudi." Akapanda bodaboda na kanga yake ya kufulia.

Alimkuta Bi Shadia amesimama nyuma ya kiti, hataki kukigusa. Chetezo kilikuwa kinafuka bado, lakini chini ya ubani kulikuwa na ile harufu ya beseni.

"Imeanza nilipomsoma yeye," Bi Shadia akanong'ona. "Nilipofika kwenye jina la mdhamini nikakuta hamna, nikanyamaza. Na kitu mlangoni kikacheka kidogo. Angalia wewe."

Melania akakaa. Akafungua jedwali la kwanza, akatafuta Happiness. Hamna. Akatafuta Alphonce. Hamna. Akafungua la pili. Kiapo namba mia na nne kilifuatiwa na mia na sita. Akafungua la tatu. Mwenye Kina. Makazi: ziwani, upande wa Kagunga. Anachotaka: mtoto wa kike. Na pale ambapo mashine ilipaswa kuonyesha nyumba aliyofungiwa, palikuwa peupe.

Ndipo akaliona faili dogo kwenye kona ya kioo, ambalo hakuliweka yeye. Liliitwa "safisha". Akalifungua. Walter alikuwa amemfundisha kiasi, na hata asingemfundisha, maneno yalikuwa machache na hayakujificha. Katika jedwali la wagonjwa, futa kila mstari ambao mdhamini ni Alphonce. Katika jedwali la viapo, futa kila mstari ambao mdhamini ni Alphonce. Basi. Chini, mashine ilikuwa imeandika yenyewe siku na mtu: Alhamisi, saa moja na dakika arobaini na mbili usiku. Mtumiaji: Melania.

Akaitazama hiyo Alhamisi kwa muda mrefu.

Alhamisi Melania alirudi kutoka kazini amechoka, akasema amesahau sweta lake kwa Bi Shadia. Bi Shadia alikuwa ameondoka kwenda msibani. Alphonce akainuka mwenyewe, baada ya kula, akasema, "Nipe funguo, Mama Yona, nikakuchukulie. Wewe pumzika." Akarudi na sweta amelikunja vizuri kwenye mfuko. Kwa miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kumwendea hata chumvi dukani, na usiku ule Melania alilala akifikiri kwamba labda uzee unawalainisha wanaume. Na neno la siri la kufungulia mashine lilikuwa jina la mtoto wao wa kwanza, yule waliyemzika kabla ya Yona, pamoja na mwaka wake. Duniani palikuwa na watu wawili tu waliolikumbuka jina lile.

Akampigia Walter.

"Shemeji! Habari za—"

"Alhamisi ulikuwa Rusimbi na Alphonce."

Redio iliyokuwa inaimba nyuma ya Walter ikapunguzwa. "Alisema mmekubaliana, shemeji. Akasema wewe unaona haya tu kumwambia bibi."

"Ulifuta nini?"

"Nyumba yenu tu. Watu wengine sijagusa hata mmoja, nakuapia. Niliandika skripti fupi, maagizo ya mistari miwili mitatu, nikachagua majedwali, wagonjwa na viapo, nikaiendesha mara moja. Kazi safi."

"Na la majini?"

"Hilo sikuligusa." Alisema haraka, kama mtu aliye kitubioni. "Shemeji, mimi nimebatizwa. Mimi niende kufuta majini? Wakinifuata dukani je? Hata kulifungua sikulifungua."

"Kwa hiyo ulikata kamba, ng'ombe ukamwacha."

Redio ya Walter ikazimwa kabisa.

"Nakala uliweka?"

"Alphonce alisema isibaki."

Melania akakata simu. Bi Shadia alikuwa amesikia yote. Akavua miwani ikaning'inia kifuani.

"Hata nakala ingekuwepo, mwanangu. Maandishi yanarudi. Kauli hairudi. Aliyesimama mlangoni ameondoka kwa miguu yake, na wa nje ameona. Na jini hapendi mahali patupu. Alipokuwa anasimama mdhamini, sasa atasimama yeye. Jua likizama leo kabla mtu hajasimama tena na kutamka, atamchukua mtoto." Akaangalia saa ya ukutani. "Watoto umewaacha na nani?"

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Bodaboda ilimshusha mbele ya nyumba, naye hakusubiri chenji. Mtaa ulikuwa kimya kwa ukimya ule wa mchana ambao hata kuku wanatafuta uvungu. Yona alikuwa amesimama uani, nje ya mlango wa jikoni, na Scola mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "baba amerudi saa ngapi? Sikumwona anapita. Yuko chumbani, amekataa kutoka."

"Happiness yuko wapi?"

"Ndani. Baba amemwita."

Melania akatoa simu palepale uani, akapiga. Iliita mara tatu. Alphonce akapokea, na nyuma yake watu walikuwa wanasogeza mabenchi na mmoja anajaribu kinanda. "Mama Yona? Niko kigangoni tangu asubuhi, tunapamba. Kuna nini?"

Na wakati sauti ya mumewe ingali sikioni, ndani ya nyumba mumewe akakohoa.

Kilikuwa kikohozi chake hasa, kile cha kusafisha koo kabla ya kusali chakula, na Melania aliyekisikia kila siku kwa miaka kumi na sita asingeweza kumwambia mtu tofauti yake isipokuwa kwamba mwishoni mwake kilibugujika, kama chupa inayozamishwa, na baada ya hapo kikafuata kimya, na baada ya kimya ikaanza sauti ya mtu anayekunywa, mkupuo baada ya mkupuo, bila kuvuta pumzi, bila kuishiwa, kama vile ndoo zote za nyumba ile na mapipa ya mtaa mzima yangemiminwa kooni mwake naye asitosheke. Akaingia. Hakuwa jasiri, mtoto wake alikuwa ndani, na miguu iliingia kabla yeye hajaamua. Sakafu ya ukumbi ilikuwa na maji. Nyayo zilitoka mlango wa mbele zikaenda chumbani, nyayo za mtu mzima, pana, na hakuna zilizotoka. Happiness alikuwa amesimama mbele ya pazia la chumba, nywele zinamchuruzika mabegani, na chini ya pazia, pale ambapo kitambaa hakikufika sakafuni, Melania akaviona viatu vya Alphonce vya kanisani, vimeelekea nje, vimejaa maji mpaka ukingoni, na ndani ya viatu mlikuwa na miguu.

"Happiness," akasema polepole. "Njoo kwa mama."

Mtoto hakugeuka. "Baba anasema nisivae viatu. Njia yote ni maji."

"Baba yupi?"

"Huyu. Anasema yule mwingine ametuacha."

Kunywa kukakoma. Pazia likasogea kidogo, kwa ndani, kama linavyosogea mtu anapovuta pumzi ya kusema, na Melania hakungoja kusikia. Akamshika mtoto kiunoni, akamnyanyua kama gunia, akatoka naye jikoni. Nyuma yake ile sauti ya mumewe ikasema, kwa upole ambao mumewe hakuwa nao, "Mama Yona, unakwenda wapi na mimi ndiyo nimefika?"

Wakaingia kwenye bajaji wote wanne. Kabla ya Rusimbi, Melania akamwambia dereva apitie kigangoni.

Alphonce alitoka na riboni ya karatasi begani. Aliwaona, akaangalia nyuma yake, akawavuta upande wa vyoo vya kanisa.

"Punguza sauti, Mama Yona, wazee wamo ndani."

"Sijasema neno."

"Naona unavyoniangalia."

"Ulifuta."

"Nilisafisha." Akajaribu kutabasamu. "Kesho natangazwa mwenyekiti wa kigango. Unajua nimesubiri miaka mingapi? Na mtu mmoja ameshaanza kusema kwamba kuna kompyuta ya mganga Rusimbi ina majina ya waamini. Ulitaka padri aonyeshwe langu? Tena siyo mgonjwa, mdhamini! Alphonce, mdhamini wa jini!"

"Ulikuwa mdhamini wa mwanao."

"Miaka mitatu hajaugua. Nikajua imekwisha. Mtu akipona anaendelea kukaa na cheti cha hospitali?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali. Ndiyo maana watu huambiana." Melania akakaza kanga kiunoni. "Umechukua funguo zangu. Umeandika kwa jina langu. Neno la siri, Alphonce. Ulimwambia Walter jina la mtoto yule."

Hapo akainamisha kichwa. Kisha akamtazama Happiness, ambaye alikuwa ameketi kwenye bajaji kimya, nywele zake hazikauki, dimbwi dogo limeanza miguuni mwake. Kwa kitambo kifupi akarudi kuwa yule aliyembeba mgongoni kutoka Ujiji mpaka kwa mganga bila kupumzika njiani.

"Nifanye nini?" akanong'ona.

"Uje usimame tena. Mbele ya mashahidi, kwa mdomo wako."

"Leo?"

"Jua halijazama. Likizama kabla hujatamka, Bi Shadia anasema jini atamchukua."

"Saa kumi na moja nitakuwa pale. Nakuapia kwa kaburi la mama."

Melania alitaka kuamini, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akaamini.

Saa kumi na moja ikafika. Bi Shadia alikuwa ametandika mkeka, amewaita mashahidi wawili, akina mama majirani waliozoea, wamekaa na ushungi usoni. Happiness alilazwa katikati. Tangu saa tisa alikuwa haongei; kila baada ya muda alikohoa, na alichokitema kilikuwa maji na vipande vya gamba la konokono. Yona alikuwa dirishani anaangalia njia. Saa kumi na moja na robo. Na nusu. Jua likaanza kushuka upande wa Kongo na ukuta wa chumba ukawa rangi ya mawese.

Saa kumi na mbili kasoro, simu ya Melania ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe. *Mama Yona nimeongea na Mungu wangu nimepata amani. Mambo hayo tuyaache. Mwombeeni mtoto kwa imani. Wazee wamekuja nyumbani kwa padri siwezi kutoka. Nihifadhie chakula.*

Akausoma mara moja. Akampa Bi Shadia, ambaye aliiweka simu mbali na macho ndiyo akausoma, akairudisha.

"Mwingine anaweza kusimama?" Melania akauliza.

"Mtu mzima yeyote wa nyumba ile. Lakini sikiliza." Bi Shadia akamsogelea mpaka ubani wa nguo zake ukamfunika. "Ukisimama hutoki. Siyo mwaka mmoja, siyo mitatu. Na utawataja unaowasimamia mmoja mmoja, kwa jina, yeye akiuliza. Usiyemtaja hayumo. Nakukumbusha tu, mwanangu. Sikuamulii."

Melania akavua kandambili, akasimama kwenye kizingiti cha chumba, mgongo nje, uso ndani. Chumba kikapoa. Akahisi nyuma yake, karibu sana, kitu kirefu kimesimama kinachuruzika, na matone yalimwangukia kwenye visigino, baridi kama maji ya kina kisichoonwa na jua, na hakugeuka, kwa sababu alijua angeona uso gani na hakuwa na hakika kwamba angeweza kuukataa.

Mdomo wa Happiness ukafunguka. Sauti haikuwa ya mtoto wala ya Alphonce. Ilikuwa nzito na ya polepole, Kiswahili chake kimepindwa na Kiha cha zamani.

"Nani kasimama?"

"Mimi Melania. Mama wa nyumba."

"Mwanamume aliondoka."

"Aliondoka. Nimesimama mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

"Happiness."

Mtoto akapinda kama upinde, akarudi chini. Mashahidi wakasema, "Tumesikia."

"Na mwingine?"

"Yona."

"Tumesikia."

"Na mwingine?"

"Scola."

"Tumesikia."

"Na mwingine?"

"Mimi mwenyewe."

"Tumesikia."

Jua lilikuwa limebaki ukucha. Bi Shadia alikuwa ameinama kwenye mashine, vidole tayari, maana na hili nalo lilipaswa kuandikwa wakati linasemwa. Nje hakukuwa na hata mbwa.

"Na mwingine?" sauti ikauliza, na safari hii iliuliza kwa utulivu, kama mtu anayejua hesabu ya vichwa vya nyumba.

Melania alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, ulimini, amelitamka miaka kumi na sita, kwenye misa, kwenye wodi ya wazazi, kwenye foleni. Akaliona sweta lilivyokunjwa vizuri kwenye mfuko. Alipaswa kulitamka. Mke mwema angelitamka, na hata mke mbaya angelitamka kwa ajili ya watoto. Akamtazama Happiness, vipande vya gamba mdomoni, na akawaza: mtu akiwa mle ndani, atafuta tena. Kesho akitaka ukatekista, atafuta tena, na funguo ziko msumarini.

"Na mwingine?"

"Basi," Melania akasema.

Mmoja wa mashahidi akainua ushungi kidogo, akamwangalia, akaushusha. "Tumesikia," akasema.

"Basi nachukua kilichoachwa," ikasema sauti. Na matone kwenye visigino vya Melania yakakoma.

Happiness akakohoa, akaketi, akalia kama mtoto, kwa kamasi na kwa hasira, akasema ana njaa na nani amemharibia nywele. Bi Shadia hakugeuka kutoka kwenye kioo. Alikuwa ameandika majina manne. Kwenye mstari wa tano alama ndogo ilikuwa inawaka na kuzima, inasubiri.

"Naye?" akauliza taratibu. "Nikiandika sasa hivi, huenda bado—"

"Alijifuta mwenyewe, Bibi. Hifadhi hivyo hivyo."

Bi Shadia akahifadhi.

Nyumbani walikuta sakafu imekauka. Yona akafagia mchanga, ndoo mbili nzima, akaumwaga mtaroni. Melania akawasha mkaa, akasonga ugali, akachemsha maharage aliyokuwa ameyaloweka tangu jana, akayaunga kwa mawese. Alifanya kila kitu kwa mwendo wake wa siku zote. Alipojaribu kulia, hakukuwa na kitu. Alikuwa na usingizi tu.

Alphonce alikuja saa mbili, amevaa shati jipya, uso unang'aa. Alisimama mlangoni akampapasa Happiness kichwani, nywele kavu.

"Si mnaona?" akasema. "Imani. Nilijua. Mama Yona, umenikasirikia? Tutaongea. Kesho nataka mkae benchi la mbele wote."

"Nawa, chakula kiko tayari," Melania akasema.

Akanawa. Akasafisha koo, akasali, sala ndefu kidogo kuliko kawaida, ya mtu anayejizoeza. Wakaanza kula. Happiness alikula kama mtu aliyetoka safari. Scola alimwaga maharage na hakuna aliyemgombeza.

Alphonce akasimamisha tonge njiani.

"Mmesikia?"

"Nini, baba?" Yona akauliza.

"Mtu anaita. Huko nje." Akageuza shingo kuelekea mlango. "Anaita Ntibashima. Jina langu la utotoni. Hakuna anayelijua ila mama."

"Sijasikia kitu."

"Mama alikuwa anavuta mwishoni hivyo hivyo." Alikuwa anatabasamu na hakujua kwamba anatabasamu. Tonge likamdondoka kwenye sahani. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda anafua. "Nitatoka nimwangalie. Nikishamaliza."

Happiness alimwangalia baba yake, kisha akaangalia kiti kitupu kilichokuwa kando ya Alphonce, akapandisha macho taratibu kama anayemwangalia mtu mrefu. Akasogea karibu na mama yake. Melania hakumuuliza alichokiona.

"Kuleni," Melania akasema, "ugali unapoa."

Akampakulia Alphonce mchuzi zaidi, na yeye akapokea kwa mikono miwili, sikio lake likiwa bado kwenye mlango. Kisha Melania akajipakulia wa mwisho, na kabla hajakaa akawapitisha macho kuzunguka meza: Yona yupo, Happiness yupo, Scola yupo, baba yao yupo. Wote walikuwepo. Akakaa, akala.